Ukiwa na Uchungu Moyoni, Mpe Mwingine Usukani

Vikundi vyetu vingi vina pikapu ya kupeleka mazao sokoni, au vijana wenye pikipiki za boda boda. Tukizungumza juu ya ajali, sisi hutaja barabara mbovu, breki na pombe. Ni kweli. Lakini kuna kitu ambacho polisi hawezi kukipima njiani: hasira, huzuni au wasiwasi wa dereva.

Hufanya nini mwilini?

Mtu akikasirika au akishtuka, mwili hujitayarisha kupigana au kukimbia. Moyo hupiga mbio na mikono hukaza. Hiyo ni nguvu ya kumkimbia nyati, si ya kuendesha gari! Dereva hukanyaga mafuta bila kujua. Huzuni nayo hufanya vingine. Aliyefiwa hajalala wala hajala vizuri. Macho yako barabarani, lakini mawazo yako kwa marehemu. Tuta liko mbele yake na halioni.

Hebu tupige hesabu. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, ambao ndio mwisho wa mwendo wa matatu tangu sheria za mwaka 2004, linasonga mita 22 kila sekunde. Dereva akizama katika mawazo kwa sekunde 2 tu, amekwenda mita 44 kama kipofu. Mtoto wa shule akivuka hapo, je?

Hatari huzidi wakati wa matanga. Kijana anapigiwa simu Nairobi jioni, na usiku huo huo anashika njia kuja nyumbani, peke yake. Tunaweza kupata msiba juu ya msiba.

Tufanye nini?

1. Kukiwa na msiba, kamati ya matanga itafute dereva ambaye si wa nyumba ya marehemu, na ambaye amelala. Malipo yake yaingie katika bajeti pamoja na mafuta na jeneza.

2. Usimpashe mtu habari ya kifo akiwa anaendesha. Muulize kwanza, "Uko wapi?" Kama yuko barabarani, mwambie asimame kando. Afadhali zaidi umwambie mtu aliye karibu naye.

3. Umegombana nyumbani? Usiondoke na hasira. Keti, kunywa maji, vuta pumzi polepole. Ukiona mikono bado inatetemeka, ngoja, au panda matatu.

4. Abiria, usimharakishe dereva wala kubishana naye. Akianza kufukuzana na gari lililompita, mwambie kwa upole. Akikataa, shuka steji ifuatayo.

5. Kijana wa boda boda aliyelemewa na deni la pikipiki hukimbizana na wakati ili apate pesa za siku. Kikundi kikae naye, kimsaidie kuongea na anayemdai mapema.

Maswali ya mkutano

Katika matanga ya mwisho hapa kwetu, ni nani aliendesha gari? Alikuwa amelala? Tukipata msiba kesho, ni nani tutampa usukani?