Pompi kubwa, tanki ndogo: kujaza mazutu ndani ya boti bila hatari

Pompi ya kawaida, ile ya kujazia gari ndogo, inajaza bidoni ya litri 20 kwa nusu dakika hivi. Pompi kubwa yenye kutengenezwa kwa ajili ya malori inaweza kusukuma litri 120 kwa dakika, ni kusema litri 2 kila sekunde: bidoni ile ile inajaa kwa sekunde 10. Kwa mwenye boti wa Ziwa Kivu ao Tanganyika, mwenye kungojewa na abiria na magunia ya mizigo, hiyo ni faida kubwa. Anayepata lori la mafuta ao motopompi yenye nguvu hawezi tena kutaka kubebesha watu bidoni moja moja.

Lakini tanki ya boti si tanki ya lori.

Mazutu ikiisha, tanki haibaki tupu, inajaa hewa. Mazutu mpya ikiingia, hewa hiyo lazima itoke, tena kwa kipimo kile kile: litri 2 ndani, litri 2 inje, kila sekunde. Kwenye boti nyingi hewa inapitia kwa tiyo nyembamba, yenye tundu la upana wa kidole tu, inayopanda kutoka juu ya tanki mpaka ubavuni. Tiyo ikipindika, ao mdudu akijenga ndani, ao mpaka rangi akaziba tundu bila kujua, hewa inakosa njia. Hapo mazutu inarudi kwa nguvu kwenye mdomo wa kujazia na kumwagikia mwenye kushika pompi. Ao, mbaya zaidi, tanki yenyewe inavimba na kupasuka kwenye sudi, kule chini ambako hakuna anayeona mpaka boti iko katikati ya ziwa na harufu imepanda.

Kwa hiyo anayeamua mwendo wa kujaza si pompi, ni ile tiyo ya hewa. Kuipima hakuhitaji mashine. Mtu wa pili, asiyepewa kazi ingine, anasimama karibu na tundu na kuweka mkono mbele yake. Hewa ikitoka sawasawa, kazi iendelee. Ikianza kupiga mluzi ao kutema matone, pompi ifungwe mara moja, ju pale kila sekunde ya kuchelewa ni litri 2 ndani ya maji. Sikio nalo linasaidia: tanki ikikaribia kujaa, sauti ndani ya tiyo ya kujazia inabadilika, inakuwa nyembamba. Wafanyakazi wa zamani wa boti wanaiamini sauti hiyo kuliko mshale wa kipimo.

Kosa lingine ni neno lenyewe: « Jaza tu, tuende! » Kabla ya kufungua pompi, mwenye boti anapaswa kupima kwa fimbo mazutu iliyobaki, kutoa hesabu, na kumwambia mwenye pompi idadi ya litri. Mazutu yenye kuingia kwa kasi inatoa povu. Povu inadanganya fimbo, na inaweza pia kufunga pompi ya kujizima yenyewe kabla ya wakati. Basi mwishoni mtu anapunguza mwendo, anangoja povu ishuke, ndipo anaongeza. Kukaza kifungo cha pompi kwa jiwe ao kijiti ili mikono ipumzike, hiyo hapana kabisa. Na tanki isijazwe mpaka juu. Mazutu inapanuka ikipata joto: litri 500 zilizojazwa asubuhi ya baridi, jua likiongeza digri 15, zinahitaji nafasi ya litri 6 hivi zaidi. Zikikosa nafasi, zinatoka kwa tundu la hewa na kuingia ziwani.

Wengi wanasema mazutu si esansi, haiwake ovyo. Ni kweli kwa upande mmoja. Kwa kawaida mazutu inahitaji joto la zaidi ya digri 50 ndipo itoe mvuke wa kutosha kushika moto, wakati esansi inatoa mvuke huo hata kwenye baridi ya barafu. Lakini pipa lililobeba esansi jana, leo likitiwa mazutu, linabaki na mvuke wa esansi ndani. Na mafuta yanayokimbia ndani ya tiyo yanazaa umeme, sawa na nguo ya nailoni inayotoa cheche ikivuliwa. Yakikimbia zaidi, umeme unaongezeka. Cheche moja ndani ya pipa la namna hiyo inatosha. Ndiyo maana kazi inaanzwa polepole, mdomo wa tiyo ukigusa chini, mpaka mazutu iufunike. Chuma cha pompi kiguse chuma cha tanki muda wote. Bidoni za plastiki zishushwe inchi kavu kabla ya kujazwa, zisijazwe juu ya mbao za boti. Na kwenye gati ambako boti ndogo za motere ya esansi zinajaza pembeni, kuwaza kwamba « hii ni mazutu tu » hakufai kitu.

Abiria washuke. Hili ndilo gumu zaidi, ju aliyepata nafasi nzuri hataki kuiacha. Motere izimwe, milango na madirisha vifungwe ili harufu isiingie vyumbani, sigara na makala ya kupikia vizimwe. Motopompi ya esansi ikae mbali, upande ambao upepo hauipelekei mvuke. Mwezi wa nne 2025, boti ya mbao iliwaka moto kwenye Mto Kongo karibu na Mbandaka, watu zaidi ya 140 wakafa. Ujumbe wa wabunge wa jimbo la Équateur ulieleza kwamba moto wa kupika ndani ya boti ndio uliolipua mafuta. Haikuwa wakati wa kujaza, lakini jiko na mafuta vilikuwa karibu namna ile ile.

Baada ya kujaza, vifuniko vinafungwa, kisha milango inafunguliwa ili hewa ipite. Mtu anashuka kunusa chini ya sakafu ya boti, ju mvuke wa mafuta ni mzito kuliko hewa na unalala kule. Ndipo motere iwashwe.

Ikiwa mazutu imemwagika, wengine wanakimbilia sabuni. Sabuni haiondoi mazutu. Inaivunja vipande vidogo ambavyo vinazama, samaki wanavipata. Maji ya Regideso mjini Goma yanavutwa kutoka Ziwa Kivu, na familia nyingi za kando ya ziwa zinateka kwa bidoni moja kwa moja. Vitambaa vikuukuu na unga wa mbao vinavuta mazutu vizuri, na vinagharimu kidogo. Maji yenye mafuta yaliyokusanyika chini ya boti yatolewe kwa ndoo na kuwekwa ndani ya pipa la inchi kavu, yasipigwe pompi kurudi ziwani usiku, watu wakiwa wamelala.