Serikali na Bei ya Mafuta (2): Ruzuku ya Kenya Ililipwa na Nani?

Serikali inayotaka kumpunguzia mwananchi makali ya bei ya petroli, ambayo mjengeko wake ulielezwa katika sehemu ya kwanza, aghalabu hupunguza kodi zilizomo katika kila lita, au huziacha zilivyo na kumlipa muuzaji sehemu ya gharama, malipo yanayoitwa ruzuku. Kenya ilishika zaidi njia ya pili, na ajabu yake ni kwamba fedha za kuanzia zilitoka kwa mnunuzi yuleyule aliyekusudiwa kusaidiwa.

Julai 2020, mafuta ghafi yakiwa yameporomoka bei duniani kwa sababu ya korona, Tozo ya Maendeleo ya Petroli ilipandishwa kutoka senti 40 hadi shilingi 5.40 kwa lita. Kuanzia Aprili 2021 makusanyo hayo yalitumika kutuliza bei: Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli (EPRA), ambayo kila tarehe 14 ya mwezi hutangaza bei kikomo, yaani bei ambayo kituo cha mafuta hakiruhusiwi kuivuka, ilikuwa ikipunguza faida ya kampuni za mafuta katika ukokotoaji wake, nayo Hazina ikaahidi kuzifidia baadaye. Kwa maneno mengine, kampuni ndizo zilizoikopesha serikali.

Vita vya Ukraine vilipopandisha bei mwaka 2022, fidia ilichelewa, madai yakarundikana, na kampuni, hasa zile ndogo, zikapungukiwa na fedha za kuagizia shehena nyingine. Aprili mwaka huo magari na bodaboda vilipanga foleni ndefu vituoni, huku serikali ikizilaumu baadhi ya kampuni kwa kupeleka mafuta nchi jirani, ambako hapakuwa na bei kikomo ya Kenya. Bei iliyotangazwa ilikuwa nafuu kweli, lakini pampu nyingi zilikuwa kavu.

Rais William Ruto alipoapishwa tarehe 13 Septemba 2022, alisema kuwa ruzuku ya mafuta imekwisha kugharimu shilingi bilioni 144. Kesho yake petroli jijini Nairobi ilipanda kutoka shilingi 159.12 hadi 179.30 kwa lita, ilhali dizeli na mafuta ya taa viliachiwa ruzuku kidogo; uamuzi wenye mantiki, kwa kuwa dizeli huendesha malori na matatu nyingi, na mafuta ya taa hupikia nyumba za maskini, wakati ruzuku ya petroli humfaa zaidi mwenye gari lake.

Mwaka 2023 serikali iliingia mkataba wa kuagiza mafuta kutoka kampuni za Saudia na Falme za Kiarabu kwa mkopo wa siku 180, ili kupunguza msukumo wa kutafuta dola, na hapo tena malipo yakasogezwa mbele. Julai mwaka huohuo kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta ikapanda kutoka asilimia 8 hadi 16, na kufikia Oktoba lita ya petroli Nairobi iliuzwa shilingi 217.36.