Taa Zinapofifia Mteremkoni Sekenke

Msafiri atokaye Singida kwenda Igunga hana budi kuteremka Sekenke, ambako barabara hushuka kuelekea mbuga ya Wembere. Usiku mmoja niliteremka huko nikiwa abiria katika Land Rover ya mwaka 1970, mali ya mwalimu mmoja wa sekondari. Taa zake za mbele zilikuwa nyekundu mithili ya makaa; kila kona tuliiona tulipokwisha kuifikia.

Mwalimu alikuwa amekwisha kushauriwa dukani anunue betri mpya. Aliinunua kwa sehemu kubwa ya mshahara wake, na taa zikabaki vilevile. Nikiri kwamba mimi nami, pamoja na shahada zangu za ng'ambo, ningemshauri hivyohivyo.

Asubuhi tuliazima voltimita ya maabara ya shule. Betri ya risasi na asidi yenye vyumba sita, ikiwa imejaa na kupumzika, huonyesha volti 12.6 hivi. Injini inapokwenda kasi, dainamo hutakiwa kuzipandisha zifikie 14 au karibu yake. Zisipopanda, ndipo ukaguliwe mkanda wa feni, kisha brashi za dainamo na kidhibiti chake. Taa zenyewe nazo hutoa ushahidi: zikififia injini ipunguzapo mwendo na kung'aa iongezwapo, shaka huelekea kwenye dainamo, ingawa dainamo za zamani, tofauti na altaneta, hutoa umeme kidogo mno injini ikizunguka polepole, hata zikiwa nzima. Taa zetu zilififia daima.

Tuliziwasha, injini ikienda kasi. Kwenye betri tulipata volti 13.6, kwenye taa, 11.2. Volti 2.4 zilipotea njiani! Tukagusisha waya mmoja wa voltimita kwenye ncha hasi ya betri, na mwingine pale waya wa taa unapoanza kurudi kwenye bodi, yaani upande wa ethi. Tulitazamia karibu sifuri. Tulisoma 2.2.

Taa mbili za wati 60 huvuta jumla ya ampia 10 hivi. Kwa kanuni ya Ohm, 2.2 gawanya kwa 10 ni omu 0.22 tu. Lakini mwanga wa balbu ya waya hupungua upesi kuliko volti: volti zikipungua kwa chini ya moja ya tano, kama hapa, mwanga hubaki karibu nusu. Tena ukinzani huo hujificha taa zikizimwa, kwa kuwa pasipo mkondo hakuna volti ipoteayo. Fundi wa kwanza alipima waya uliochomolewa, akaona umeme unafika, akailaumu betri.

Nyaya za ethi za taa zote mbili zilifungwa kwa skrubu moja ya chuma kwenye bati la aloi ya alumini. Metali mbili tofauti zikikutana penye unyevu wa chumvi huwa kama betri ndogo, na alumini ndiyo iliwayo. Na gari lile lilipita kila siku kando ya Ziwa Singidani, lenye maji ya chumvi. Tulisugua kwa msasa, tukafunga skrubu mpya na kupaka grisi. Kwenye taa tukapata volti 13.2.

Betri ya zamani, tulipoipima, ilikuwa nzima. Mwalimu aliipeleka maabara, pamoja na ile skrubu yenye kutu, wanafunzi wake wapime wenyewe.