Ukiona Bibi, Umemwona Nani? Picha Tata na Hulka ya Mwanafunzi

Zipo picha zinazosambazwa kwa simu zikiwa na maelezo kwamba kitu cha kwanza utakachokiona ndicho kitakachofichua hulka yako: ukiona bata wewe ni mtu wa vitendo, ukiona sungura ni mtu wa hisia. Kwa kuwa picha hizo huchangamsha somo la mazungumzo, tunapenda kueleza kile zinachoweza kutuambia kuhusu mtu na kile zisichoweza.

Picha ya bata-sungura ilichapishwa mwaka 1892 katika jarida la vichekesho la Fliegende Blätter, huko Munich, Ujerumani. Karne moja baadaye, mwaka 1993, watafiti Brugger na Brugger walitoa matokeo ya kuwaonyesha picha hiyo watu mjini Zürich, Uswisi. Siku ya Pasaka wengi waliona sungura. Mwezi Oktoba wengi waliona ndege. Ikumbukwe kwamba sungura ni sehemu ya sherehe za Pasaka huko. Kilichobadilika ni kalenda, si hulka za wakazi wa mji.

Picha nyingine maarufu ni ya W. E. Hill, iliyotolewa Marekani mwaka 1915, ambayo ni mwanamke kijana na papo hapo ni kikongwe. Mwaka 2018 watafiti wa Australia waliona kwamba vijana huelekea kumwona kijana zaidi kuliko wanavyofanya watu wazima. Umri, basi, nao una mkono wake.

Lugha je? Tuipeleke picha hiyo Dzaleka, wilaya ya Dowa, kaskazini ya Lilongwe. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza, nayo imepokea wakimbizi wengi kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, ambao Kiswahili huwaunganisha. Mwanafunzi akisema "Naona bibi", mwalimu aliyezoea Kiswahili sanifu ataandika kwamba ameona ajuza. Lakini katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo bibi ni mke, na kwa watu wa pwani wa zamani ni neno la heshima kwa mwanamke. Mwalimu akiongeza kwamba anayeanza kuona mzee ana majonzi ya ndani, atakuwa amempachika mtoto wa watu sifa iliyotokana na msamiati wa kwao, wala si moyo wake. Kwa mkimbizi, ambaye maisha yake yamejaa mahojiano na mafaili, sifa iliyoandikwa ovyo si jambo la mzaha.

Swali letu pia huelekeza jicho. "Unaona mnyama gani?" tayari limemfukuza bata, maana wengi wetu hatumwiti ndege mnyama. Afadhali "Unaona nini?", kisha "Kipi kimekufanya uone hivyo?"

Hapo ndipo picha ya Hill inapomfaa mwalimu wa lugha. Sikio la kijana ndilo jicho la kikongwe, mkufu ndio mdomo, kidevu ndicho pua. Mwanafunzi aliyeanza na sura moja amweleze mwenzake njia ya kuifikia ya pili, na upatanisho wa ngeli utajileta wenyewe.