Bahati na Chukudu ya Jirani

Kama umekulia Goma, kule Kongo, chukudu unaijua. Lakini mtoto wa Mombasa au Morogoro anayesoma hapa aelezwe kwanza. Ni chombo cha mbao chenye magurudumu mawili na usukani kama wa baiskeli, ila hakina pedali wala mnyororo. Mwenyewe hupiga goti moja juu ya ubao, palipopigiliwa kipande cha kandambili kuukuu ili goti lisichubuke, na mguu wa pili unasukuma ardhi. Magurudumu nayo ni ya mbao, yamevishwa mpira uliokatwa kwenye tairi la gari. Penye mteremko husukumi tena. Chombo kinakwenda chenyewe, na ukitaka kisimame unakanyaga kipande cha mpira kilicho juu ya gurudumu la nyuma. Hivyo ndivyo magunia ya makaa, viazi na kabichi yanavyoshuka kutoka upande wa Kibumba mpaka mjini. Goma imeiheshimu chukudu kiasi cha kuijengea sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye mzunguko wa barabara.

Sasa tuseme yupo mtoto wa miaka 7 anayekaa Majengo, katika komini ya Karisimbi. Tumwite Bahati. Jina nimelitunga, na majirani zake nimewatunga pia, lakini kisa cha namna hii hakikosekani katika avenyu za Goma.

Jirani yao, Baba Neema, ameiegesha chukudu yake juu ya mteremko na kuingia ndani kunywa chai. Bahati amekuwa akiitamani tangu zamani. Anatazama kushoto, anatazama kulia, anapanda. Chukudu inaanza polepole, halafu si polepole tena. Bahati anatafuta breki kwa mguu. Mguu haufiki. Chini kuna ua uliojengwa kwa mawe meusi ya volkano, na mawe ya mlima Nyiragongo hayampishi mtu. Mtoto anaruka na kuchubuka kiwiko. Chukudu inajigonga, uma wa mbele unapasuka, na gurudumu linagawanyika vipande viwili.

Mama Bahati hayupo, yuko soko la Virunga anauza nyanya. Anaporudi jioni, Baba Neema anamngoja mlangoni.

"Mama Bahati, kuja uone mutoto wako amefanya nini!"

"Pole, Baba Neema. Lakini huyu ni mutoto, hana akili bado. Unataka nini kwake?"

"Kwake sitaki kitu. Mimi kesho nitakula nini?"

Hebu tuyasikilize maneno hayo vizuri, maana wote wawili wamesema kweli. Mama anamtetea Bahati: mtoto wa miaka 7 hajui mteremko una nguvu gani. Baba Neema anaulizia chukudu: bila hiyo hakuna mzigo, na bila mzigo hakuna faranga za unga. Kuna maswali mawili hapa, nayo hayafanani. La kwanza ni nani mwenye kosa. La pili ni nani atatengeneza kilichoharibika. Ugomvi mwingi wa majirani huwaka kwa sababu mmoja anajibu la kwanza na mwenzake ameuliza la pili.

Sheria ya Kongo imeyatenganisha maswali hayo zamani sana. Tarehe 30 Julai 1888, wakati nchi ikiitwa Dola Huru ya Kongo chini ya mfalme Leopold II wa Ubelgiji, ilitolewa amri kuhusu mikataba na madeni. Amri hiyo bado inatumika. Kifungu chake cha 258 kinasema anayemletea mwenzake hasara kwa kosa lake ni lazima airekebishe. Kifungu cha 260 kinaongeza kwamba unawajibika pia kwa hasara iliyoletwa na watu walio chini yako, na hapo ndipo mzazi anapobebeshwa hasara iliyoletwa na mtoto wake mdogo anayekaa naye. Maneno yenyewe yalitoka kwenye Sheria za Kiraia za Ufaransa za mwaka 1804, enzi ya Napoleon. Ajabu kidogo, sivyo? Chukudu ya Majengo inaamuliwa kwa kanuni iliyoandikwa Paris na watu ambao hawakuwahi kuiona chukudu.

Katika maandishi yale ya Ufaransa aliyetajwa kwanza alikuwa baba. Mama alifuata baba akishafariki. Lakini Kanuni ya Familia ya Kongo ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inaweka mtoto chini ya mamlaka ya baba na mama kwa pamoja. Nadhani hilo ndilo sahihi. Mtoto analelewa na wawili, kwa nini deni lake liwe la mmoja?

Mzazi ana mlango wa kutokea, ila ni mwembamba. Akithibitisha kwamba hakuweza kulizuia jambo lile, halipi. Mama Bahati anaujaribu mlango huo mbele ya shefu wa nyumba kumi, mzee anayesuluhisha mambo ya jirani na jirani kabla hayajafika mbali. Anasema, "Mimi nilikuwa sokoni." Shefu anauliza mtoto aliachiwa nani. Aliachiwa dada yake wa miaka 10. Mzee anatikisa kichwa: dada huyo naye ni mtoto. Ingekuwa Bahati yuko shuleni saa ile, maneno yangekuwa mengine, kwa kuwa kifungu kilekile cha 260 kinamtaja mwalimu kwa muda ambao wanafunzi wako chini ya ulinzi wake.

Ukivuka mpaka pale Bunagana kuingia Uganda, mambo yanageuka. Uganda, Kenya na Tanzania zilirithi sheria ya Kiingereza, ambayo haimtwishi mzazi deni kwa sababu tu ni mzazi. Huko Baba Neema ndiye angepaswa kuonyesha kwamba mama alizembea. Kwa Kongo, mama ndiye anayepaswa kuonyesha kwamba hakuzembea. Mimi naona njia ya Kongo inamfaa zaidi mtu maskini aliyeharibiwa chombo chake. Ataujuaje uzembe uliotokea ndani ya nyumba ya mwenzake?

Hata hivyo Baba Neema naye anaulizwa. Je, aliweka jiwe mbele ya gurudumu? Hakuweka. Kwenye mteremko, katika avenyu iliyojaa watoto! Hasara iliyochangiwa na mwenye mali haimwangukii mzazi peke yake. Mahakama hupima sehemu ya kila mmoja, na wazee hufanya vivyo hivyo bila kufungua kitabu.

Kwa hiyo wanamwita fundi. Anahesabu mti wa uma, gurudumu jipya, misumari na kazi yake. Mama Bahati atalipa sehemu kubwa, nusu wiki hii na iliyobaki kidogokidogo siku za soko. Baba Neema atabeba sehemu iliyobaki. Zile siku atakazokaa bila mzigo nazo zinaingia kwenye hesabu, maana hasara si mbao tu. Jirani mmoja anapendekeza Bahati achapwe palepale ili Baba Neema aridhike. Shefu anakataa, na mimi niko upande wake: gurudumu halitengenezwi kwa fimbo. Bahati anatakiwa aeleze mwenyewe ilivyokuwa. Anaeleza, akiwa ameshika kiwiko, na hapo ndipo watu wanapojua kuwa mguu haukufika kwenye breki.

Jambo moja la kukumbuka, msomaji. Wakati wa hasira mtu mzima anaweza kukutisha kwamba utalala kasho, yaani mahabusu. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda watoto inasema mtoto ambaye hajatimiza miaka 14 hawezi kuhesabiwa mhalifu, na hakuna ushahidi unaoweza kuligeuza hilo. Hasara aliyoleta inarekebishwa na mtu mzima anayewajibika kwa ajili yake. Basi ukivunja kitu cha jirani, nenda ukaseme nyumbani mapema. Anayetakiwa kulipa ni mzazi wako, na hawezi kupatana na jirani juu ya jambo ambalo hajaambiwa.