Kitenzi "Piga" kwa Mwanafunzi Mzawa wa Gĩkũyũ

Mwanafunzi wa Kiswahili mjini Karatina ambaye lugha yake ya kwanza ni Gĩkũyũ hapati taabu na kupiga simu wala kupiga picha. Kwao husemwa kũhũra thimũ na kũhũra mbica, na kũhũra ni kupiga. Taabu huanza ulinganifu unapokatika: Mswahili hupiga magoti, ilhali kwa Gĩkũyũ ni gũturia ndu, wala hapana pigo lolote hapo. Katika tungo za aina hii kitenzi kimepoteza maana ya kugonga. Nomino inayokifuata ndiyo ibebayo maana, iwe chafya, mbizi, kura au hatua.

Hata hivyo, kukariri orodha hakutoshi, kwa kuwa sarufi nayo hubadilika. Aliyempiga mama picha amemweka mama pichani; aliyempigia picha huenda amepiga ya ng'ombe, kwa niaba ya mama. Simu haina uhuru huo: ni kumpigia tu. Asemaye "nilimpiga simu" ataeleweka sokoni, ila katika mtihani atapoteza alama, tena kwa haki. Kauli ya kutendwa huidhihirisha tofauti hiyo waziwazi. "Alipigwa picha" ni sahihi. "Alipigwa simu" humfanya msikilizaji aulize kama aliumia.