Ufadhili mkononi au chuo chenye jina?

Mei 1 ndiyo siku ambayo vyuo vingi vya Marekani hutaka jibu la mwisho kutoka kwa waliodahiliwa. Kabla ya hapo, mwanafunzi aliyefaulu vizuri anaweza kuwa na barua mbili: ya chuo kikuu cha jimbo lake kinachomfutia ada yote kwa sababu ya alama zake, na ya chuo kinachojulikana dunia nzima ambacho kinaitaka familia itoe makumi ya maelfu ya dola kila mwaka.

Mvutano huu unatokana na jinsi vyuo vinavyogawa fedha. Vyuo vinane vya Ivy League, vikiwemo Harvard, Yale na Princeton, havitoi ufadhili kwa ajili ya alama wala michezo. Huangalia uwezo wa familia tu. Vyuo vyenye jina dogo hutoa ufadhili wa alama ili kuwavuta wanafunzi bora ambao wangekwenda kwingine. Kwa hiyo anayebanwa zaidi si maskini. Tangu mwaka wa masomo 2025/26, familia yenye mali za kawaida na kipato kisichozidi dola 100,000 kwa mwaka hailipi chochote Harvard. Anayebanwa ni mtoto wa mzazi anayehesabiwa kuwa na uwezo, ilhali mshahara wake umeshaliwa na nyumba, bima na watoto wengine wanaosubiri zamu yao.

Je, jina hulipa? Mwaka 2002 wachumi Stacy Dale na Alan Krueger walichapisha utafiti uliowalinganisha wanafunzi waliokubaliwa na vyuo vya hadhi inayofanana, ambao baadhi yao waliamua kusoma kwenye vyuo visivyochuja sana. Miaka mingi baadaye, mishahara yao haikutofautiana kwa kiasi cha maana: uwezo na bidii vilikuwa vya mwanafunzi mwenyewe. Lakini watoto wa familia za kipato cha chini walinufaika na vyuo vyenye hadhi, na ufuatiliaji wa baadaye ukaonyesha hivyo pia kwa Weusi, kwa wenye asili ya Amerika ya Kilatini na kwa wale ambao wazazi wao hawakusoma sana. Mwaka 2023 Raj Chetty na wenzake walikuta kwamba vyuo vya juu kabisa havipandishi sana kipato cha wastani, ila karibu vinaongeza maradufu nafasi ya kuendelea na masomo katika vyuo teule, na karibu mara tatu nafasi ya kuajiriwa na makampuni yenye hadhi. Mtoto wa kibarua anayeacha kuomba kwa kuogopa jina kubwa ndiye hasa anayepoteza, na hasara hiyo inaumiza kwa sababu inaepukika.

Kinachopaswa kulinganishwa ni kiasi ambacho familia itatoa mfukoni kwa miaka yote minne. Barua nyingi huficha kiasi hicho. Chukua barua inayotangaza “msaada” wa dola 40,000: ndani yake huenda 28,000 ni ruzuku, 2,500 ni malipo ya kazi za chuoni ambazo mwanafunzi bado hajazifanya, 5,500 ni mkopo wa serikali na 4,000 ni mkopo wa mzazi. Punguzo la kweli ni 28,000 tu. Ufadhili wa alama nao una masharti yake: mara nyingi mwanafunzi hutakiwa kudumisha wastani fulani, na kiasi kikiwa hakibadiliki huku ada ikipanda kila mwaka, pengo hujazwa na mzazi.

Kwa Mtanzania au Mkenya hesabu ni ngumu zaidi. Mikopo ya serikali ya Marekani haimhusu, na lazima aonyeshe fedha za mwaka wa kwanza kabla ya kupewa hati ya kuombea viza. Hata hivyo Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst ni miongoni mwa vyuo vichache ambavyo humdahili mgeni bila kuangalia mfuko wake, kisha hulipia upungufu wote. Mpango wa KenSAP umekuwa ukiwaandaa vijana wa Kenya kwa ajili ya vyuo vya namna hiyo tangu 2004.

Mwanafunzi akishapata barua zote mbili, anaruhusiwa kuiandikia ofisi ya misaada ya fedha ya chuo anachokipenda, akaambatanisha vielelezo vya kipato na nakala ya ahadi ya chuo kingine, na kuomba hesabu yake ipitiwe upya. Vyuo binafsi hasa hupokea maombi hayo, na baadhi huongeza ruzuku, mradi barua ifike kabla ya Mei 1.